Ushauri wa wanandoa Morogoro: tathmini ya mke wa dereva wa masafa

Wenzangu wa sokoni wameniuliza mara nyingi kama ile huduma ya ushauri wa wanandoa tuliyokuwa tukienda mimi na mume wangu inafaa, na kama inastahili hela inayotozwa. Inafaa. Katika milango yote tuliyobisha, hii ndiyo pekee niliyoikuta inajua kushughulikia ukimya. Mingine yote inajua ugomvi. Nitaeleza nilichokiona, pamoja na yale ambayo hayakunipendeza. Jina la kituo sitaliandika, kwa sababu washauri ni wawili tu na watu wanaosubiri zamu ni wengi. Anayenifahamu aniulize, nitampa. Kiko Morogoro mjini, upande wa Kihonda, vyumba vya nyuma vya nyumba yenye duka la dawa mbele.

Mimi nauza vitenge na mashuka soko la Chifu Kingalu. Mume wangu ni dereva wa masafa. Anabeba salfa kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi, anarudi na shaba. Mpaka Tunduma tu ni zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar, na hapo ndipo Zambia inaanza: Nakonde, Mpika, Kapiri Mposhi, Ndola, hadi Kasumbalesa ambako malori hupanga foleni ya kuingia Kongo. Barabara yenyewe inapita Msamvu. Kwa hiyo mume wangu hupita karibu kabisa na nyumba yake akiwa na mzigo, asiweze kusimama zaidi ya muda wa kula, maana gari lina kifaa kinachomwonyesha tajiri lilipo muda wote. Kuna nyakati nimempelekea chakula kando ya barabara, akakila akiwa amekaa kwenye ngazi ya gari, tukaagana.

Hatukuwa tunagombana, na hapa ndipo watu wengi wanashindwa kunielewa. Ndoa isiyo na kelele inahesabiwa kuwa imetulia. Sisi tulikuwa tumenyamaziana. Akirudi anasalimia, anaoga, anakula, anaangalia mpira, analala. Nami najibu kila anachoniuliza. Hakuna tusi, hakuna kofi, ada ya watoto inalipwa. Lakini nilikuwa najisikia mpweke zaidi akiwa chumbani kwangu kuliko akiwa Zambia, na hilo ukimweleza mtu anakuuliza unataka nini tena.

Tulianza kule ambako kila mtu huanza. Wasimamizi wetu wa ndoa walituita kwao, wakatupikia, wakatukumbusha ahadi tulizotoa altareni. Paroko alitusikiliza kwa utulivu na akatuombea. Kisha mjomba wangu. Mimi ni Mluguru, kwetu ukoo unafuata upande wa mama na neno la mjomba ni zito. Alishuka kutoka Mgeta akakaa nasi kikao. Aliniuliza, "Mwanangu, amekupiga?" Nikamwambia hapana, mjomba. "Ana nyumba nyingine?" Sijasikia. "Matumizi haleti?" Analeta. Akanitazama, akasema, "Sasa mwanangu, mkwe wangu huyu nimhukumu kwa lipi?" Na kwa upande wake alikuwa sahihi. Kikao cha ukoo kimewekwa kwa ajili ya kesi, na mimi sikuwa na kesi.

Hata sheria ya nchi imejengwa kwa namna hiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka mtu apitie kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla ya kufungua shauri la talaka mahakamani, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa humo. Baraza la kata lilimsaidia jirani yangu na mumewe warudiane, na wanaishi vizuri mpaka leo. Lakini mtu akienda barazani anaanza na lalamiko, na mwenzake anaanza kujitetea. Ukimya hauna mlalamikiwa.

Tulihudhuria pia semina moja ya ndoa, ukumbi mkubwa, viti vya plastiki, muziki. Mnenaji aliwaambia wanawake wapike vizuri na wajipambe, wanaume walete zawadi. Nilipika. Nilijipamba. Mume wangu aliniambia asante, na alimaanisha, kisha akageukia ukutani akalala. Semina ya watu mia mbili haiwezi kujua nyumbani kwako kumetokea nini, na kwetu kulikuwa kumetokea kitu.

Mshauri wetu ni mama wa makamo aliyekuwa muuguzi kabla ya kusomea saikolojia. Alitukaribisha, akatupa maji ya kunywa, akauliza nyumbani tunaitanaje. Mume wangu akasema, "Huyu Mama Glori, mimi Baba Glori." Akatuita hivyo mpaka mwisho. Swali lake la kwanza kwa mume wangu lilikuwa anapata usingizi wa namna gani akiwa safarini. Hakumuuliza kama ananipenda. Baba Glori akaeleza kwamba hulala vipande vipande ndani ya kichwa cha gari, sikio likiwa kwenye tenki la mafuta na turubai, kwa sababu ya wezi. Mshauri akasema mtu aliyelala hivyo kwa miaka, akifika nyumbani mwili wake huchelewa kuamini kwamba umefika. Siku mbili tatu za mwanzo ataonekana amenuna wakati ni uchovu na tahadhari ambayo bado haijamtoka. Akatushauri tusiziwekee siku hizo jambo lolote zito: wageni wasialikwe, mazungumzo ya ada na kiwanja yasubiri. Ushauri huo peke yake, kwa mke yeyote wa dereva, mlinzi wa usiku au mvuvi, unatosha kulipia kikao cha kwanza.

Kisha alimpa kila mmoja karatasi ya manila na kalamu ya rangi. Tuchore mstari, tuweke alama kwa kila jambo kubwa tangu tulipofunga ndoa mwaka 2010, bila kuchunguliana. Tulipomaliza alizipanga zile karatasi moja juu ya nyingine mezani. Alama za mwanzo zilikaribiana sana: Glori kuzaliwa, kiwanja, leseni yake ya magari makubwa, kazi ya masafa. Mwaka 2018 mimi nilikuwa nimeweka alama ya mimba iliyoharibika. Kwenye karatasi yake nayo ilikuwapo, mwaka uleule, ameikoleza kwa kalamu mpaka karatasi imetoboka. Baada ya hapo alama zangu zote zilikuwa za watoto na meza yangu ya sokoni, na zake zote za safari, magari aliyobadilishiwa na ajali aliyoiona Kitonga. Hakuna hata moja iliyokutana.

Mimba ile ilikuwa ya miezi mitano. Baba Glori alikuwa Kasumbalesa na mzigo wa shaba, kwenye foleni. Wifi yangu ndiye aliyempigia simu. Akatuma hela ya hospitali na ujumbe wa neno moja, "Pole." Alipofika nyumbani wiki kadhaa zilikuwa zimepita. Akauliza kama nimepona, nikamjibu nimepona. Ikaishia hapo. Mimba kama ile kwetu haikuwekewa matanga. Hakuna aliyekuja kukaa mkekani. Hakukuwa na siku ya kuanua. Wanawake waliniletea uji na kuniambia Mungu atakupa mwingine, na walinitakia mema. Mimi nilibaki na "Pole" ile kwenye simu.

Mshauri hakumtaka mume wangu ajieleze. Alimwomba asimulie usiku ule tu, kuanzia simu ilipoita. Akasimulia polepole, macho chini. Kwamba alimwomba tajiri ruhusa aache gari kwa dereva mwenzake, arudi kwa basi, akajibiwa kwamba shaba ikipungua hata kipande ataulizwa yeye. Kwamba alikaa chini ya tela mpaka kukakucha, utingo akimletea chai asiinywe. Kwamba aliandika ujumbe mrefu akaufuta, akaandika mwingine akaufuta, ikabaki "Pole." Na kwamba alikuwa ameshamchagulia yule mtoto jina.

Sikujua kama kulikuwa na jina. Nilikuwa nimekaa karibu naye kwenye kochi lile na sikujua.

Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu ndipo nilipoielewa thamani ya huduma hii. Kwa maelezo ya mshauri, msiba ambao wawili hawakuulilia pamoja kila mmoja huulilia peke yake, na kila mmoja huutazama uso mkavu wa mwenzake na kuhitimisha kwamba huyu hakuumia. Hitimisho hilo halisemwi. Linakaa ndani, na kuanzia siku hiyo kila jambo dogo linaongezwa juu yake. Asiponiuliza habari za sokoni, ni kwa sababu hajali. Nisipompokea mlangoni, ni kwa sababu simhitaji. Hapakuwa na mtu mbaya katika habari hii. Palikuwa na umbali wa nchi mbili, kazi isiyoruhusu mtu kurudi kuzika, na desturi isiyoujua msiba wa aina hiyo. Hizo ni sababu za kijamii kabisa, na zilikuwa zimeingia mpaka kitandani kwetu.

Nije kwenye kifaa, maana hili ndilo ninalolisimulia zaidi sokoni. Mshauri ana kile kidude cha kubana kidoleni ambacho wengi tulikiona hospitalini wakati wa UVIKO. Kinasoma na mapigo ya moyo. Katika kikao kimoja nilikuwa nikimweleza mume wangu habari za mama yake, sauti ikanipanda, naye akawa kama alivyo siku zote: uso hausemi kitu, macho dirishani. Mshauri akaniomba ninyamaze kidogo, akakigeuza kile kidude alichokuwa amembana nacho mume wangu kidoleni ili nikione. Kilikuwa kinasoma 112. Mtu amekaa kwenye kochi, hajanyanyua hata mkono, na moyo wake unakwenda 112.

Hapo ndipo alipotueleza habari za John Gottman, mtafiti wa Marekani ambaye kuanzia miaka ya 1980, akiwa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, aliwafunga wanandoa vipimo vya mapigo ya moyo na kuwarekodi wakizungumza mambo yanayowatatiza. Kwa mujibu wa kazi yake, moyo ukivuka mapigo kama 100 kwa dakika mtu hapokei tena anachoambiwa, kwa sababu mwili umeshajiandaa kupigana au kukimbia. Wapo wanaofoka. Wapo wanaojifunga na kunyamaza, na katika uchunguzi wake wengi wa kundi hili la pili walikuwa wanaume. Anachoshauri ni kusimamisha mazungumzo angalau dakika 20, kila mmoja afanye kitu cha kumtuliza, kisha warudi kwenye jambo lilelile. Mshauri alisisitiza kurudi. Asiyerudi amekimbia tu.

Kuna na mwenzake wa California, Andrew Christensen, aliyeandika sana juu ya mtindo ambao mmoja anadai na mwingine anajitoa. Kadiri huyu anavyodai ndivyo yule anavyojitoa, na kadiri yule anavyojitoa ndivyo huyu anavyozidi kudai. Kila mmoja ana hakika kwamba mwenzake ndiye aliyeanza. Kwetu mtindo huo ulikuwa umeshapita hatua ya kudai. Mimi nilidai kwa muda, nikachoka, nami nikajitoa. Mshauri alituambia hiyo ndiyo hatua anayoihofia kuliko makelele, kwa sababu anayepiga kelele bado anatarajia kujibiwa.

Suala la pesa alilishika kwa namna ambayo sikuitegemea. Alitutaka tufungue simu tusomeane ujumbe tuliotumiana mwezi mzima. Tukasoma. "Nimetuma." "Imefika." "LUKU imeisha." "Subiri kesho." "Ada ya Glori lini?" "Nimetuma." Ulikuwa hivyo kutoka juu mpaka chini. Mshauri hakuudharau. Alimuuliza Baba Glori anapobonyeza kutuma hela huwa anawaza nini. Akajibu kwamba huwa anaona picha yetu tukila. Yeye kwa kila muamala alikuwa anasema jambo, mimi nilikuwa nasikia kiasi tu. Nadhani katika nyumba nyingi za watu wanaofanya kazi mbali, simu ya pesa imebeba mazungumzo yote ya ndoa, na haina nafasi ya kuyabeba.

Upande wa pili wa pesa ni siri. Hapa nasema niliyoyaona kwa wanawake wenzangu sokoni. Mtu anakopa kwenye zile taasisi za mikopo tunazoziita kausha damu, marejesho kila wiki, mume hajui. Akisikia mume anakuja anaingiwa na hofu badala ya furaha. Anapunguza maneno ili lisije likatoka moja la kumfichua. Mume anaona mke amebadilika, anadhani kuna mwanaume mwingine. Deni la laki tatu linafanya kazi ya kuvunja nyumba ya miaka kumi na tano. Mshauri alitueleza, bila kutaja mtu, kwamba anayaona haya kila mwezi, kwa wanaume pia, hasa walioingia kwenye kubeti.

Hofu ya maradhi nayo tuliizungumza, na ninampongeza kwa kutolizunguka. Mke wa dereva anayajua majina ya vituo kwa moyo: Ilula, Makambako, Tunduma. Makambako iko mkoa wa Njombe, ambao katika utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ndio ulioongoza kwa maambukizi ya VVU nchini, asilimia 12.7 ya watu wazima. Ukiwa na takwimu kama hiyo kichwani na mume wako analala huko, hata akikugusa bega unakakamaa. Naye anahisi kukakamaa kwako bila kujua sababu, anajirudisha. Mshauri akauliza moja kwa moja, "Baba Glori, Mama Glori, mmepima lini pamoja?" Tukaenda kituo cha afya wote wawili, tukapima, tukapokea majibu tukiwa chumba kimoja. Majibu ni yetu. Lakini kwenda kule pamoja kulifungua mdomo wangu kuliko maneno yote ya semina.

Habari ya mafunzo ya wasichana aliigusia kwa heshima, jambo nililolipenda, kwa sababu nimesikia watu waliosoma wakiyadharau. Nilipochezwa, na baadaye kwenye kicheni pati, niliambiwa: mume akirudi usimuulize maswali, mpe maji, mpe chakula, ya ndani yasitoke nje. Ni ushauri mzuri kwa siku ya kwanza ya dereva aliyetoka Kongo. Ukifuatwa mwaka mzima unazaa watu wawili wenye adabu wasiojuana. Na yeye kwa upande wake, Mnyakyusa wa Kyela, mtoto wa kwanza wa kiume, alifiwa na baba akiwa shule ya msingi akaambiwa asilie maana sasa yeye ndiye baba. Alipolisimulia hilo nilimwona yule mtoto. Simu za mikononi na maneno ya mawifi, ambayo ndiyo watu huyataja kwanza, kwetu yalikuwa mambo madogo, hayakuchukua hata nusu kikao.

Lililochukua muda ni nyumba iliyojifunza kuishi bila baba. Watoto walikuwa wanapita mbele yake kuja kuniomba ruhusa mimi. Fundi namwita mimi, mwalimu ananipigia mimi. Baba Glori alisema, "Nikiwa pale najiona kama nimekuja kutembelea familia ya mtu." Ilinichoma. Mshauri hakumwambia awe mkali ili aheshimiwe. Alimtaka achague jambo moja la nyumbani litakalobaki kuwa lake hata akiwa Mpika, mimi nisiliguse. Akachagua hesabu za mtoto wa pili. Mtoto anapiga picha daftari, anamtumia, baba akisimama kula anamrekodia sauti kumweleza. Mimi siulizwi. Mtoto sasa anajua ratiba ya baba yake kuliko ninavyoijua mimi.

Zoezi alilolirudia kuliko yote ni la kuitikia. Wanandoa, anasema, huitana mara nyingi kwa siku kwa mambo madogo yasiyo na maana yoyote: tazama wingu lile juu ya Uluguru, leo nyanya zimepanda, umesikia huyu jirani. Anayeita anauliza kama mwenzake yupo. Katika kazi ya Gottman na wenzake waliofuatilia wanandoa wapya kwa miaka sita, waliobaki pamoja walikuwa wameitikiana kwa asilimia 86 ya miito hiyo walipokuwa maabara, na walioachana asilimia 33. Nilimwelewa mara moja. Hakuna aliyeniambia kabla yake kwamba ndoa inaweza kuisha kwenye habari za nyanya.

Kwa sisi wa masafa alilifanyia marekebisho: kila mmoja amtumie mwenzake ujumbe wa sauti kwa siku, usiotaja pesa, ada wala ugonjwa. Mwanzoni ulikuwa mgumu. Baba Glori alinitumia sauti ya mvua ikipiga bati pale Makambako, bila neno. Nikamjibu kwa kelele za soko. Baadaye maneno yakaja. Kuna sehemu hakuna mtandao, na siku nyingine zinaingia kwa mkupuo akishavuka mpaka. Hatujawa watu wengine. Bado anaondoka, bado kuna siku za kununa. Ila sasa akinyamaza namuuliza, na mara nyingi ananijibu.

Sasa kasoro. Bei ni Sh 40,000 kwa kikao cha dakika 90, na bima ya afya niliyonayo hailipii. Katikati ya wiki siku nzima sokoni hainipi faida hiyo. Wanakubali kulipwa nusu kwa nusu ukiomba, lakini hawakuambii mpaka uombe, na najua watu waliogeuka mlangoni baada ya kusikia bei. Ibandikwe ukutani kwamba hilo linawezekana.

Fomu ya kujiandikisha ni ya Kiingereza. Kurasa nne za maswali juu ya usingizi, huzuni, hasira na unyumba, kwa Kiingereza, kwa watu wanaokuja na mioyo yao mikononi. Mume wangu alikaa na ile fomu akijifanya anaisoma, ikabidi msaidizi wa mapokezi amsomee kwa sauti mbele ya watu waliokuwa wakisubiri. Hilo nililichukia sana, na nilimwambia mshauri. Aliomba radhi, akasema wanaitafsiri. Mara ya mwisho nilipopita ilikuwa bado.

Benchi la kusubiria liko kwenye korido, na ukuta wa chumba cha pili ni wa mbao nyembamba. Nimesikia mtu akilia humo, na kama nimesikia mimi, basi nami nimesikiwa. Ombeni chumba cha mwisho, chenye ukuta wa tofali.

Saa za kazi ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Hizo ni saa za watu wa ofisini. Dereva anafika Jumamosi usiku na Jumatatu anaitwa bandarini. Kuna wakati tulikaa zaidi ya mwezi bila kikao kwa sababu hiyo tu. Nimependekeza Jumapili baada ya misa, na vikao vya simu kwa mmoja aliye njiani. La simu wamelikubali kwa majaribio. Mtandao ukikatika katikati ya jambo zito inaumiza kuliko kutoongea kabisa, kwa hiyo sisi tuliachana nalo.

Na kuna watu ambao nisingewatuma pale kwanza. Anayepigwa aende dawati la jinsia na watoto kwenye kituo cha polisi, na kwa watu wake wanaoweza kumlinda. Kukaa kochi moja na anayekupiga na kuambiwa ufungue moyo ni hatari, na mshauri mwenyewe alisema huwa anawatenganisha watu wa namna hiyo tangu kikao cha kwanza. Pia kama mmoja ameshaamua kuondoka na anakuja ili apate shahidi, ataupoteza muda wa wote.

Mshauri nampa nyota tano. Kituo chenyewe, kwa fomu, ukuta na saa zake, nakipa tatu. Mkitaka zamu pigeni simu Jumatatu mapema, ndipo wanapojaza daftari la wiki. Semeni tangu mwanzo kama mmoja anafanya kazi ya kusafiri, ili msipangiwe vikao vya kila wiki ambavyo hamtavifikia. Fikeni wote wawili kikao cha kwanza hata kama mmoja hataki kuongea. Mume wangu siku ile alisema sentensi zisizozidi kumi. Na watoto waacheni kwa bibi au kwa jirani, kwa sababu pale hakuna pa kuwaweka na yule msaidizi wa mapokezi ana kazi nyingine.